Awamu ya Tatu ya Mzee Koti

Niseme mapema tusije tukadanganyana: awamu ya tatu ya Mzee Koti ilinichefua, na mpaka leo nikiikumbuka chai hainishuki. Ningekuwa na uwezo ningewaweka ndani wote walioitunga, nikaanza na yule aliyemvua mzee wa watu koti lake. Lakini habari ninayoiandika si ya televisheni. Ni ya Restuta Ndahani, mkalimani wetu wa uani, na ya Jumapili moja ya mwaka 2000 alipofika mahali akakataa kutafsiri.

Tulikuwa tunakaa Makole, hapa Dodoma mjini. Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye akiba akawa anakwenda Dubai, mume wangu Iddy, muuza redio na betri, naye akaingiza televisheni sita. Tano ziliuzwa. Ya sita ilikuwa na mstari wa kijani upande wa kushoto, kila mteja akiiwasha anaizima. Iddy akaileta nyumbani kwa hasira, akafunga dishi juu ya bati, na kila Jumapili saa kumi alasiri akawa anaitoa uani chini ya turubai. Watu walijaa. Mimi niliuza soda na karanga, sikuwa na la kulalamika.

Saa hiyo ndipo ulipoonyeshwa mchezo wa upelelezi wa Kizungu. Jina lake la kweli hakuna aliyelishughulikia. Sisi tuliuita Mzee Koti, kwa ajili ya mpelelezi wake, mtu mzima mwenye koti refu la kahawia ambalo hakulivua hata akikaribishwa ndani. Tabu ilikuwa lugha. Uani pale palikuwa na mafundi, mama wauza mboga, makarani wa chini na wanafunzi wawili watatu waliojidai, lakini Kiingereza cha haraka namna ile kilitupita wote. Tulikuwa tunatazama midomo inacheza tu. Ndipo siku moja Restuta, aliyekuja kuazima mwiko, akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaanza kutueleza. Mwiko hakuuchukua tena.

Restuta alikuwa Mgogo wa Mlali, kule Kongwa. Mwembamba, mrefu, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Masista walimsomesha, na tangu mwaka 1976 alikuwa karani na mkalimani katika mahakama moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Mshtakiwa akisema kwa Kigogo yeye anageuza Kiswahili, hakimu akijibu anageuza Kigogo, na jalada linaloandikwa Kiingereza linapita mikononi mwake. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na moja. Mwaka 1997 akapunguzwa, yeye na wengine wengi, kwa barua ya mistari minne. Akarudi mtaani, akaweka meza karibu na soko, akawa anawaandikia watu barua na maombi yao.

Kutafsiri kwake kulikuwa kwa mahakamani hasa. Alisimama kando ya televisheni, mikono nyuma, uso hauna habari. Kila mtu kwenye mchezo alimsemea kwa "mimi." Muuaji akisema sikumuua, Restuta naye anasema, "Sikumuua," kwa sauti ile ile aliyotumia kumsemea mjane na mwenye baa. Wiki ya kwanza Iddy alimwambia atie mbwembwe kidogo ili watu wachangamke.

"Shemeji, mkalimani hana lake," alimjibu. "Mshtakiwa akilia mimi silii. Hakimu akicheka mimi sicheki. Napokea, nafikisha. Siongezi, sipunguzi."

Mchezo ukiisha ilikuwa zamu ya hukumu. Iddy anagonga chupa ya soda na kizibuo, anapaza sauti, "Kortini!" Watu wananyamaza, na Restuta anatoa uamuzi wake kuhusu sehemu ya siku ile: nani amefanya kazi yake, nani ameiharibu, ushahidi gani umesimama. Akimaliza Iddy anasema, "Mahakama inaahirishwa hadi Jumapili ijayo," na watu wanainuka wakicheka. Wako waliokuja kwa ajili ya hukumu kuliko mchezo wenyewe.

Awamu mbili za kwanza alizipenda, na mtu asingedhani mwanamke mkavu vile anaweza kupenda kitu. Mzee Koti alikuwa na daftari dogo. Alimwuliza shahidi swali moja mara tatu kwa siku tatu, bila kumkaripia, halafu anakwenda kuketi kwenye gari lake bovu anasoma alichoandika. Kuna sehemu nzima alimsikiliza bibi mmoja muuza maua anayesahau sahau, saa nzima bibi anazungumzia paka wake, mpaka mwisho katikati ya habari za paka likatoka jina la muuaji. Iddy alilalamika kwamba hata risasi moja hatujaiona. Restuta akatoa hukumu: "Mpelelezi amemsikiliza shahidi mpaka mwisho. Mahakama imeridhika." Sauti yake ilitetemeka kidogo, na mimi peke yangu ndimi niliyejua kwa nini.

Miguuni pake, kwenye kigoda mbele ya wote, alikaa mama mmoja mtu mzima anayeitwa Ruthu. Alikuwa anauza mboga ya mlenda mkavu sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, kwa hiyo Restuta akishatusemea sisi anainama na kumsemea yeye yale yale kwa Kigogo, haraka, kwa sauti ya chini. Kila Jumapili alimpitia mwenyewe, akamleta, akamrudisha. Watu walinung'unika kwamba tafsiri mbili zinachelewesha, wengine walimsifu kwa huruma yake. Haikuwa huruma.

Mimi niliujua ukweli kwa sababu ya mlenda. Restuta alikuwa anaununua kwa Ruthu kila wiki, mwingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, na nusu yake unaishia jikoni kwangu. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, mlenda naula, lakini kila kitu kina kiasi. Siku moja nikamwuliza, dada, huyu mama amekuloga au mna undugu? Akaweka kisu chini na kunieleza.

Mwaka 1979, Restuta akiwa na miaka mitatu kazini na bado hajathibitishwa, aliletwa kizimbani mchungaji wa ng'ombe kutoka kijiji kimoja cha mbele ya Mlali. Aliitwa Abeli. Alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe watatu, na ushahidi ulikuwa karatasi moja tu: maelezo aliyoyatoa kituoni, yana alama ya kidole chake. Hakimu akamwuliza kama maelezo yale ni yake. Abeli akajibu kwa Kigogo, akajibu kwa kirefu. Alieleza walivyomfunga, walivyompiga, na kidole kilivyofika kwenye karatasi. Wakati anasema, mwendesha mashtaka hakumtazama Abeli. Alikuwa anamtazama Restuta. Wiki ile ile alikuwa amemwambia kwa wema mwingi kwamba majina ya watakaothibitishwa yanapitia mezani kwake.

Abeli alipomaliza, hakimu akamgeukia mkalimani. Restuta akasema, "Anasema maelezo ni yake, aliyatoa kituoni."

Basi. Hakimu akaandika mstari mmoja. Abeli alikwenda jela miaka mitano, ng'ombe wake mwenyewe wakaliwa na ndugu, akatoka na kifua kibovu, na mwaka 1986 akafa. Ruthu alikuwa mke wake. Restuta alimkuta sokoni Dodoma baada ya miaka mingi, amekaa nyuma ya fungu la mlenda, akamjua hapo hapo.

"Tangu siku ile sijapunguza neno la mtu," aliniambia. "Hata matusi nilifikisha. Lakini ya Abeli ninayo yote, Joha. Kila nikipiga magoti kusali yanatangulia maneno yake. Nataka kumwambia huyu mama. Nikifungua mdomo naagiza mlenda."

Na mimi, mwerevu wa mtaa, nikamshauri nini? Nikamwambia, "Achana nayo dada, yameshapita. Utampa mama wa watu maumivu ya bure." Nilikuwa nakaanga vitumbua, sikutaka viungue. Ule ushauri hata sikuufikiria, na nikisema awamu ya tatu ilinitia kinyaa, ushauri wangu nauweka kwenye sinia moja nayo.

Ikaja awamu ya tatu. Ndivyo watu walivyoiita, awamu, kama ya Serikali. Ilianza karibu na kikao cha bajeti, wakati mji unapojaa wageni, na chumba changu cha nyuma kilikuwa kimepangwa na Thobias, kijana wa ofisi za Bunge, msafi, mwenye shati la mikono mirefu hata Jumapili. Kiingereza alikijua barabara. Lakini alimwacha Restuta atafsiri kwa heshima ya umri, yeye akawa mtoa maoni.

Dakika kumi za kwanza tulidhani Iddy amekosea stesheni. Mzee Koti alikuwa amevaa jaketi la ngozi. Amenyoa. Daftari halipo. Gari bovu limekuwa gari jekundu ambalo haliwezi kupita kona bila kupiga kelele. Msaidizi wake, yule binti mwembamba aliyegundua nusu ya mambo katika awamu ya pili, sasa kazi yake ilikuwa kuleta kahawa, na sehemu ya pili wakamfunga kwenye kiti ili aokolewe. Maiti zilikuwa tatu kila Jumapili na hakuna hata mmoja aliyeuliza marehemu alikuwa mtoto wa nani. Muuaji akikamatwa anaeleza kila kitu dakika ya mwisho kwa hiari yake, utafikiri anawahi basi.

"Mama, hii sasa ndiyo kazi," Thobias alisema, amekaa mguu juu ya mguu. "Ile ya zamani ilikuwa inalaza watu. Hii ina aksheni. Ina kasi."

"Mlevi naye ana kasi, mwanangu," Restuta alimjibu.

Hukumu zake zikawa kali. Sehemu ya tatu Mzee Koti aliingia nyumba ya mtu usiku, akainua godoro, akatoka na kisu chenye damu. Iddy alipogonga chupa Restuta alisema, "Amepekua bila hati, bila mjumbe wa nyumba kumi, bila jirani wa kushuhudia. Kisu hicho kilitoka mfukoni mwake." Watu walicheka sana. Walidhani anatania.

Sehemu ya nne akaanza kupiga. Akamfungia kijana mmoja chumbani, akavua jaketi, akakunja mikono ya shati polepole, muziki unapanda. Uani kwangu watu walisimama. Masudi, fundi baiskeli wa kona, alipanda juu ya kreti la soda akipiga mluzi na kupaza sauti, "Mtie adabu! Mtie!" Huyu Masudi mwaka mmoja nyuma alilala siku nne mahabusu kwa baiskeli ambayo hata hakuiona, akatoka sikio limevimba, akakaa wiki mbili hasikii wateja. Mkewe alikuja kwangu kuomba maji ya moto na chumvi ya kumkandia. Mtu huyo huyo sasa anapiga mluzi, sikio lile lile. Nilimtazama. Nikakusanya chupa zangu ingawa hazijaisha.

Siku ile Restuta alitafsiri kila kibao na kila tusi bila kupepesa, na Ruthu, kwenye kigoda chake, alisikiliza ameinamisha kichwa. Iddy akaita kortini. Restuta akasogea mbele ya televisheni.

"Aliyeandika sehemu hii," akasema, "alimchoka mtu wake mwenyewe. Miaka miwili ametuonyesha mtu anayesikiliza. Sasa ameona kusikiliza ni kazi ngumu, kumpiga mtu ni kazi ya dakika mbili, na ninyi mnashangilia. Kwa hiyo anajua wiki ijayo atawapa nini. Mahakama inatema mate."

Akatema kweli, kando, kwenye vumbi. Sikuwahi kumwona akitema mate. Masudi akasema huyu mama siku hizi ana hasira, labda pensheni imekwama, na watu wakapata la kuchekea wakati wa kwenda nyumbani.

Mimi nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Nikamwambia kama inamchefua asije, mbona ni upuuzi tu wa Wazungu. "Nisipokuja nani atamsemea Ruthu?" akauliza. Halafu akasema anaogopa. Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema, "Naogopa watakifikia kile chumba na mkalimani ndani." Sikumwelewa. Nilidhani amechoka.

Wakakifikia Jumapili ya sita.

Ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma unavuma vumbi jekundu, turubai linapiga piga na Iddy amelifunga kwa mawe. Mshtakiwa wa siku ile alikuwa mgeni katika nchi yao, mfanyakazi wa shambani, hajui Kiingereza. Mzee Koti akamketisha mezani, na mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mfupi mwenye tai na mkoba. Mkalimani. Nilimwona Restuta akitoa mikono nyuma na kuishika kifuani.

Yule mgeni akaanza kusema lugha yake. Alisema kwa muda mrefu. Alilia, akakunja mkono wa shati akaonyesha alama, akaapa. Chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza ya alichokuwa anasema, ili mtazamaji ajue. Mkalimani akamtazama Mzee Koti. Mzee Koti akainua nyusi. Mkalimani akamgeukia mwandishi wa maelezo na kusema maneno matatu ya Kiingereza, basi, akafunga mkoba wake. Mzee Koti akamkonyeza. Muziki ukalia wa furaha, wa mtu aliyeshinda kamari.

Uani tukasubiri. Restuta hakusema.

"Mama, kasemaje?" Masudi akauliza.

Thobias alikuwa ameshayasoma maandishi, anajipiga paja kwa kicheko. "Jamani, kiboko! Jamaa anasema hakuua, wamempiga, wamemlazimisha kutia sahihi. Mkalimani yeye kasema, 'Anakiri ameua.' Kamkaanga! Huyu inspekta fundi, kila mtu kamtia mfukoni."

Wakacheka. Sikiliza, wakacheka. Mama wenye watoto mapajani, watu waliotoka kanisani asubuhi ile, mume wangu mwenyewe, wote wakacheka kwa sababu ilipangwa wacheke hapo. Ruthu peke yake hakucheka, kwa kuwa hakuna aliyemsemea. Akainua uso kwa Restuta na kumwuliza kwa Kigogo. Nimekaa Dodoma miaka ishirini na zaidi, Kigogo nakisikia. Alimwuliza, "Huyo amesema nini kirefu hivyo?"

Restuta akaenda kwenye televisheni, akaizima. Mstari wa kijani ulibaki kidogo halafu nao ukapotea. Watu wakapiga kelele. Iddy, ili kuokoa hali, akagonga chupa, "Kortini! Kortini!" na nusu yao wakatulia wakitegemea kichekesho.

"Sitafsiri tena mchezo huu," Restuta akasema. "Ni mchafu. Kumpiga mtu ni uchafu, lakini picha inaonekana, kila mwenye macho anajua amepigwa. Huyu mwenye tai hakumgusa mtu. Amemmeza, na hakuna atakayejua, na wametuwekea muziki tucheke. Mtu aliyeandika hivi hajawahi kuketi kwenye chumba hicho. Angewahi asingeweka muziki." Akavuta pumzi. "Na mimi sina haki ya kumhukumu yule mkalimani. Mkalimani huyo ni mimi."

Hakuna aliyeelewa. Thobias alikuwa bado na tabasamu usoni, amesahau kulitoa. Restuta akachuchumaa mbele ya kigoda, uso kwa uso na Ruthu, akamwambia kwa Kigogo. Hakuzunguka. Alisema mwaka, alisema mahakama, alisema jina la Abeli, alisema mumeo alieleza walivyompiga na mimi nikasema maelezo ni yake. Akasema nilitaka kazi, na maneno yake ninayo yote mpaka leo.

Nikangoja kilio. Nikajilaumu kwa vitumbua vyangu na ushauri wangu. Ruthu hakulia. Alitengeneza kanga yake begani.

"Nilikuwepo," akasema. "Benchi la mwisho, mtoto mgongoni. Kiswahili sikukijua, lakini masikio ninayo. Abeli alisema mpaka mtoto akalala. Ukasema wewe, mtoto hata hakugeuka. Nikajua yamepungua."

Restuta akaweka mkono chini ili asianguke. "Ulijua? Na sokoni ulinijua?"

"Siku ya kwanza. Unavyosimama."

"Na ukakubali kuja hapa na mimi kila Jumapili. Kwa nini, mama?"

"Kukusikiliza." Ruthu alisema polepole, hakuwa na hasira ya kelele. "Miaka yote hii wanakufa Wazungu wa uongo, na wewe unawasemea. Huachi hata neno. Yule bibi wa paka ulimsemea mpaka paka wake. Mimi nakaa hapa chini najiuliza, hawa wana nini ambacho mume wangu hakuwa nacho?"

Watu walioelewa Kigogo walikuwa wameinamisha vichwa. Wasioelewa walitutazama sisi tulioelewa. Masudi alikuwa ameshuka kwenye kreti.

"Nisamehe," Restuta akasema.

"Sijaja kwa hilo," Ruthu akamjibu. "Umesema unayo yote. Haya, yaseme. Kwa Kiswahili, hawa wasikie. Simama kama unavyosimama."

Restuta akainuka. Alijifuta vumbi mkononi, akaenda kando ya televisheni iliyozimwa, mahali pake pale pale, akarudisha mikono nyuma. Akaanza kwa sauti yake ya kila Jumapili, haipandi, haishuki, kila sentensi kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo kwa ajili ya Ruthu.

"Mheshimiwa hakimu, mimi ni Abeli. Karatasi hiyo siijui. Kidole ni changu, maneno si yangu. Walinichukua jioni, nilikuwa nafunga zizi, mke wangu aliona. Walinifunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, kamba yangu mwenyewe. Walinipiga nyayo mpaka nikawa siwezi kusimama, wakaniambia sema watatu, nikasema sijui watatu gani. Wakanimwagia maji ya chumvi. Asubuhi nikasema watatu. Wangetaka kumi ningesema kumi. Wakashika kidole changu wakakichovya, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekufa, haukuweza kwenda wenyewe. Ng'ombe nilionao ni wanane, watano wa baba yangu, watatu wa mahari ya dada yangu, na aliyetoa mahari yuko hai, mwiteni. Mimi sikuiba. Nina mtoto mdogo, yuko pale nyuma, amelala."

Hapo alinyamaza. Nilidhani amemaliza, na Iddy naye alidhani hivyo, kwa maana aliishusha chupa chini taratibu. Ruthu hakuondoa macho. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, anamhimiza aendelee, bado kuna kitu. Restuta alimalizia kwa sauti ile ile, na machozi yalikuwa yanapita chini ya miwani, hakuyafuta.

"Na wewe dada wa kwetu unayenisemea, wafikishie yote. Mimi huku sina mwingine ila wewe."

Upepo ukalipiga turubai. Ruthu akasimama, akakibana kigoda chake kwapani.

"Ndiyo," akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Alimalizia hapo."